Jua Halimngojei Mgeni wa Heshima

Tangu tulipoanza kuzungumza katika ukurasa huu juu ya mbio za barabarani, barua nyingi zimenifikia, na nyingi katika hizo zina swali moja lenye sura mbalimbali. Huyu auliza, "Je, mtu wa nchi ya joto aweza kweli kuwa mkimbiaji?" Yule auliza, "Mbona watutia tamaa bure, hali sote twajua kuwa mbio ni za watu wa Iten na Eldoret?" Na mwingine, ambaye nadhani ni mtu wa mzaha, amesema kwamba mtu wa Madogo akionekana anakimbia, yafaa kwanza watu watazame nyuma yake wajue kama afukuzwa na nyati au na mdai.

Nimecheka sana, walakini swali lenyewe ni la haki nalo lataka jibu. Mji wa Iten uko juu mlimani, yapata mita 2,400 kutoka usawa wa bahari, na hewa yake ni ya baridi. Madogo yetu, iliyo ng'ambo ya Mto Tana kuelekeana na Garissa, iko mita 150 hivi tu, na jua lake hupandisha joto hata digrii 35 na kuzidi, hasa katika miezi ya Februari na Machi. Hewa ya mlimani hatuna, wala vilima vya kukomaza miguu hatuna. Lakini barabara tunazo, miguu tunayo, na asubuhi tunayo. Neno langu la leo li juu ya hiyo asubuhi, maana katika nchi yetu mtu aliyeipoteza asubuhi ameyapoteza mashindano kabla ya kuanza, na pengine amepoteza zaidi ya mashindano.

MAZOEZI YETU

Kikundi chetu kina watu sita, wala hakuna bingwa hata mmoja miongoni mwetu. Yuko mwalimu wa shule ya msingi, yuko muuguzi mmoja wa kike, yuko kijana wa bodaboda, wako ndugu wawili wauzao matunda sokoni, na niko mimi karani, nikaaye kitini toka saa mbili asubuhi hata saa kumi na moja jioni. Wengi wetu ni Waislamu, nao huswali kwanza sala ya alfajiri. Sisi wengine huwangojea. Saa kumi na moja na nusu twaanza safari, na saa moja kasorobo kila mtu amekwisha rudi kwake kuoga.

Siku ya Jumanne na ya Alhamisi twavuka daraja la Tana kuingia Garissa, kisha twarudi; jumla ni kilomita 8. Jumamosi twafuata barabara ya Nairobi upande wa Bangale, kilomita 8 kwenda na 8 kurudi. Siku nyingine twabadilisha na kushika barabara ya kusini, iendayo Bura na Hola. Ipo na njia ya kandokando ya mto, penye miembe na migomba, nayo yapendeza macho sana, ila gizani hatuipiti. Kiboko hutoka majini usiku kwenda kula majani na hurudi alfajiri, naye hana desturi ya kumpisha mtu.

Barabara ya lami nayo ina hatari zake. Wakati huo ndipo mabasi ya usiku yafikapo kutoka Nairobi, na malori ya mbuzi na ng'ombe yaondokapo. Kwa hiyo sheria yetu ya kwanza ni kukimbia upande wa kulia, tukielekeana na magari, ili tuone kijacho. Sheria ya pili ni kuvaa nguo nyeupe. Sheria ya tatu ni kutokanyaga majani makavu ya kando ya lami, maana humo mna miiba ya mathenge, na mwiba wa mathenge hupenya soli ya kiatu kama sindano ipenyavyo kitambaa. Kuna nyakati hata barabara yenyewe hatunayo. Mto ulipofurika mwezi wa Novemba 2023, na tena Aprili 2024, maji yaliikata njia iendayo Garissa, watu wakavuka kwa mashua. Nasi tukakaa na viatu vyetu nyumbani, tukishukuru Mungu kwamba tuna nyumba za kukaa.

Kipimo chetu cha mwendo ni mazungumzo. Maadamu mtu aweza kusimulia habari za jana huku akikimbia, mwendo ni mzuri. Akianza kujibu kwa neno moja moja, apunguze. Akinyamaza kabisa, atembee. Kipimo hiki hakina gharama, wala hakihitaji saa ya bei kubwa.

Mzee mmoja mfugaji, ambaye boma lake li karibu na barabara, alitutazama kwa miezi mingi asiseme neno. Siku moja akanisimamisha akaniuliza, "Mwanangu karani, waenda wapi kila siku na kurudi mikono mitupu?" Nikamjibu, "Naenda kutafuta afya, baba." Akafikiri kidogo, kisha akasema, "Basi itafute kabla ya jua. Mimi hata ng'ombe siwatembezi saa sita."

Maneno hayo nawaomba wasomaji wayaweke akilini, maana tutayahitaji huko mbele.

MWILI NA JOTO

Yafaa tufahamu kwanza kwa nini jua ni adui wa mkimbiaji kuliko alivyo adui wa mtu aendaye sokoni. Mwili wa mwanadamu ni kama injini. Chakula alacho mtu ndiyo mafuta yake, lakini misuli haiwezi kuyageuza mafuta hayo yote kuwa mwendo. Karibu robo tatu hugeuka kuwa joto. Mtu akikimbia, joto hilo huongezeka mara nyingi kuliko la mtu aliyeketi, nalo halina budi kutoka nje, la sivyo mwili utaungua kutoka ndani.

Mlango mkubwa wa kutolea joto ni jasho. Watu wengi hudhani kwamba jasho likitiririka ndipo mwili upoapo. Sivyo. Jasho hupoza pale tu likaukapo juu ya ngozi na kuwa mvuke. Likidondoka chini, limepotea bure. Ndiyo maana mtu wa Mombasa, penye hewa nzito ya bahari, huteseka hata joto likiwa chini kuliko letu. Sisi wa Madogo hewa yetu ni kavu siku nyingi, na jasho hukauka upesi. Lakini hapo ipo hila nyingine, kwamba mtu hajui ametoka jasho kiasi gani. Ajiona mkavu, kumbe katika saa moja amepoteza lita nzima ya maji au zaidi.

Joto la mwili lililo sawa ni digrii 37 hivi. Mkimbiaji aweza kufika 39 asidhurike. Likizidi 40, na ubongo ukianza kuvurugika, hiyo ndiyo hatari iitwayo kiharusi cha joto. Mtu hupepesuka, husema maneno yasiyo na maana, hukasirika bila sababu au husahau aendako, kisha huanguka. Tena si lazima ngozi iwe kavu; mkimbiaji aweza kuanguka hali amelowa jasho. Asipopozwa upesi hufa, na huenda akapona lakini figo au ini likabaki na dosari.

Mwili, ni kweli, hujifunza. Mtu wa baridi akija huku na kufanya mazoezi kidogo kidogo kwa siku kumi au kumi na nne, damu yake huongezeka maji, jasho lake huanza mapema, nalo hupoteza chumvi kidogo. Kwa hiyo si uongo kusema kwamba sisi tumezoea. Bali kuzoea si kuwa chuma. Aliyezoea hupewa nafasi zaidi, wala hapewi ruhusa isiyo na mwisho.

MASHINDANO NILIYOYAONA

Sasa niseme habari ya mashindano fulani ya kilomita 10 ambayo watatu kati yetu tulishiriki, katika mji mmoja wa nchi ya chini. Jina la mji sitalitaja, wala la walioyaandaa, kwa kuwa nia yangu si kumwaibisha mtu, bali ni kuonya.

Matangazo yalisema kwamba mbio zitaanza saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Tulifika saa kumi na mbili kamili, tukapewa namba zetu za kifuani. Walikuwapo watu zaidi ya mia mbili, wengi wao vijana wa shule. Hewa ilikuwa nzuri, hata mwalimu akasema, "Leo tutakimbia vyema." Ikafika saa ya kuanza, tukaambiwa tungoje kidogo, mgeni wa heshima yu njiani. Ikafika saa moja, ikafika saa mbili. Vipaza sauti vilipigwa muziki, vijana wakacheza na kurukaruka, wakanywa maji waliyokuja nayo, yakaisha. Kivuli kilikuwa kimoja tu, cha hema, nalo hema lilikuwa na viti vya wageni.

Saa tatu mgeni akawasili, akasalimiwa, akahutubia, akapeperusha bendera. Saa ilikuwa tatu na dakika ishirini. Lami ilikuwa imekwisha kuwa moto hata ulipoinama kufunga kamba ya kiatu usoni ulihisi mvuke wake.

Meza ya kwanza ya maji ilikuwa kwenye kilomita ya tatu. Waliotangulia walichukua chupa mbili mbili, moja ya kunywa na moja ya kujimwagia kichwani. Sisi wa nyuma tukakuta katoni tupu, na msichana mmoja aliyesimama nazo akituomba radhi kana kwamba kosa ni lake. Hapo nikamwambia mwalimu, "Mwalimu, leo si siku ya kushindana." Tukapunguza mwendo, penye mti tukatembea, pasipo mti tukajikokota.

Kwenye kilomita ya sita kijana mmoja wa miaka kumi na minane au kumi na tisa alitupita kwa nguvu. Kwenye kilomita ya nane tukamkuta tena. Alikuwa anakwenda mrama, mara kushoto mara kulia, kisha akageuka akaanza kurudi tulikotoka. Mwalimu alimshika mkono akamwuliza, "Unakwenda wapi, kijana?" Akajibu, "Nakwenda kuteka maji." Akaanguka.

Nashukuru kwamba muuguzi wetu hakuwa mbali nyuma yetu. Alifika, akamgusa, wala hakupoteza dakika. "Mpelekeni kivulini! Mvueni shati na viatu! Tafuteni maji, maji mengi!" Kwa bahati palikuwa na mama mmoja mwuza maji, mwenye mkokoteni wa punda na mitungi ya lita ishirini. Mitungi sita ikamwagwa juu ya kijana yule, kifuani, shingoni, makwapani na mapajani, huku wengine wakimpepea kwa kanga na kwa vipande vya katoni. Mtu mmoja alitaka kumnywesha, muuguzi akamzuia kwa ukali, maana aliyezirai akinyweshwa maji huweza kupaliwa akafa. Gari la wagonjwa lilifika baada ya dakika ishirini. Wakati huo kijana alikuwa amefumbua macho na kutaja jina lake. Alilala hospitali siku tatu, akapona. Mama yule tulipomwuliza bei, alipokea bei ya mitungi minne, akasema miwili ni sadaka yake.

Wakati wa kutoa zawadi mgeni wa heshima aliwasifu wakimbiaji wote kwa ushujaa wa kulishinda jua. Watu wakapiga makofi. Lakini hakuna aliyelishinda jua siku ile. Kijana yule aliokolewa na muuguzi aliyekuja kukimbia na punda aliyekuja kuuza maji, na vyote viwili havikuwa katika mpango wa mashindano.

Fikirini tena jambo hili. Bingwa humaliza kilomita 10 kwa dakika thelathini hivi. Mtu wa kawaida humaliza kwa saa moja, na mgeni wa mbio hufika hata saa moja na nusu. Kwa hiyo mbio zikichelewa kuanza, mwenye nguvu huonja jua kidogo, na mnyonge hulila lote. Naye akifika kwenye meza hukuta maji yamekwisha. Tena ni huyo mnyonge ndiye tunayemwita kila siku aje akimbie kwa ajili ya afya yake.

YALIYOPATA MATAIFA MAKUBWA

Msidhani kwamba kosa hili ni la nchi zetu peke yake. Mataifa makubwa yamelifanya, tena kwa gharama kubwa, nasi twaweza kujifunza bila kulipa gharama hiyo.

Katika Michezo ya Olimpiki ya mwaka 1904, mjini St. Louis katika Marekani, mbio za marathoni zilianza saa tisa alasiri, tarehe 30 Agosti, katika joto la digrii 32 hivi, juu ya barabara ya vumbi, na maji yalikuwa haba mno njiani. Walianza watu 32, wakamaliza 14 tu. Mshindi, Thomas Hicks, alifika akishikiliwa na wasaidizi wake. Katika hao 14 walikuwamo Waafrika wawili kutoka Afrika Kusini, Len Taunyane aliyekuwa wa tisa na Jan Mashiani aliyekuwa wa kumi na mbili, ambao ndio Waafrika weusi wa kwanza kushiriki Michezo ya Olimpiki. Historia yetu katika michezo hiyo, basi, ilianza katika vumbi na kiu.

Mwaka 1912 mjini Stockholm, katika nchi ya Sweden, marathoni ilikimbiwa mchana wa jua kali. Mreno mmoja, Francisco Lázaro, alianguka njiani, na kesho yake akafariki dunia. Yasemekana alikuwa amejipaka mafuta mazito mwilini ili jua lisimchome, na mafuta hayo yakaziba jasho. Nimekwisha eleza jasho ni mlango wa nini. Mwaweza kujua kilichompata aliyeufunga.

Mwaka 1954, mjini Vancouver katika Kanada, Mwingereza Jim Peters, ambaye wakati ule hapakuwa na mtu duniani aliyepata kukimbia marathoni upesi kuliko yeye, aliingia uwanjani akiwa amewaacha wenziwe kwa zaidi ya robo saa. Ilibaki kazi ndogo tu. Lakini joto lilikuwa limekwisha kumshika. Alianguka, akainuka, akaanguka tena, mara nyingi, watu wakilia, asiweze kufika mwisho. Hakushindana tena maisha yake yote. Katika michezo hiyohiyo Nyandika Maiyoro wa Kenya alikuwa wa nne katika mbio za maili tatu, na Lazaro Chepkwony wa saba katika maili sita, Wakenya ambao dunia ilikuwa bado haijawajua.

Sasa tazameni waliojifunza. Mwaka 1960 mjini Roma, waandalizi waliogopa jua la Italia, wakaanzisha marathoni saa kumi na moja na nusu jioni. Ilimalizika usiku, askari wakishika mienge kando ya njia ya kale, na Abebe Bikila wa Ethiopia akashinda bila viatu kwa saa 2, dakika 15 na sekunde 16. Mwaka 2021, katika Michezo ya Olimpiki ya Tokyo, marathoni zilihamishiwa mji wa Sapporo, zaidi ya kilomita 800 upande wa kaskazini, kwa ajili ya joto. Hata huko, usiku wa kuamkia mbio za wanawake iliamriwa kwamba mbio zianze saa kumi na mbili asubuhi badala ya saa moja. Wakimbiaji walikuwa wakijiandaa kulala, na saa ikabadilishwa. Peres Jepchirchir wa Kenya akashinda.

Hata hivyo, saa peke yake haitoshi. Mjini Doha mwaka 2019 mbio za wanawake za ubingwa wa dunia zilianza karibu na saa sita za usiku. Jua halikuwapo, lakini joto lilizidi digrii 30 na hewa ilikuwa nzito kwa unyevu. Walianza wanawake 68, wakamaliza 40. Tukumbuke kwamba hao ni mabingwa waliochaguliwa na mataifa yao, wenye madaktari na barafu. Je, mwanafunzi wetu mwenye chupa moja ya maji?

HOJA ZA WAPINZANI

Nimesema maneno haya mbele ya watu kadha wa kadha, nami nimepata hoja mbili.

Hoja ya kwanza yasema kwamba mgeni wa heshima ndiye aletaye fedha za zawadi, na asipongojewa ataona amedharauliwa. Hoja hii ina uzito, wala sitaki kuipuuza, maana bila fedha hakuna mashindano. Lakini nauliza, kwa nini mgeni apewe kazi ya kupeperusha bendera? Bendera yaweza kupeperushwa na mwalimu yeyote mwenye saa. Mgeni na apewe heshima iliyo kubwa zaidi, yaani kuwapokea wanaofika na kuwapa mikono. Akifika saa mbili atamkuta bibi wa miaka sitini anamaliza, na picha hiyo gazetini itamfaa kuliko picha ya bendera.

Hoja ya pili yasema kwamba watu wa Tana wamezaliwa katika jua, hawalihofii. Hapa ndipo nikumbukapo maneno ya yule mzee. Ni nani alijuaye jua la nchi hii kuliko mfugaji? Naye saa sita humkuti barabarani, yu chini ya mti pamoja na wanyama wake. Kuzaliwa katika jua kumemfundisha kulikwepa. Ujasiri wa kulikabili jua bila sababu ni wa mgeni, wala si wa mwenyeji.

MAPENDEKEZO YANGU

Kwa waandalizi wa mashindano katika nchi za joto nashauri haya.

Kwanza, mbio zianze saa kumi na mbili asubuhi kamili, awepo mgeni au asiwepo. Saa ya kuanza iwe ni ahadi, kama ilivyo saa ya sala.

Pili, zikichelewa hata saa moja na nusu ikapita, mbio zifupishwe au ziahirishwe. Kilomita 10 zaweza kuwa 5 bila aibu yoyote.

Tatu, maji yawekwe kila kilomita mbili au tatu, tena yagawanywe mapema: fungu la waliotangulia na fungu la walio nyuma, lisiloguswa hata wa nyuma wafike.

Nne, liwepo pipa kubwa la maji ya baridi, na barafu ikiwezekana, karibu na mwisho wa mbio, pamoja na muuguzi mwenye amri ya kumtoa mtu njiani. Mgonjwa wa joto hupozwa kwanza, kisha hupelekwa hospitali. Nusu saa ya kwanza ndiyo iamuayo.

Tano, miezi ya joto kali iachwe. Zipo siku nyingine za mwaka.

Na kwa wakimbiaji wenzangu nasema neno moja. Waandalizi wakishindwa kutimiza wajibu wao, wewe bado wamiliki miguu yako. Punguza, tembea, au vua namba urudi nyumbani. Umwonapo mwenzako anapepesuka, acha mbio zako umshike. Medali ya bati haikosekani mwaka ujao.

MAJIBU YA BARUA

Msomaji wa Bura auliza kama aweza kukimbia bila viatu, kwa kuwa Bikila alishinda hivyo. Ndugu yangu, Bikila alikimbia usiku mjini Roma, pasipo mathenge. Nunua viatu vya mtumba vilivyo vyepesi, uvijaribu jioni, wakati mguu umevimba kidogo, na kidole gumba kisiguse mbele.

Dada wa Hola asema kwamba watu humcheka akikimbia, naye hujifunika mwili mzima kwa heshima ya dini. Dada, vazi refu si kizuizi likiwa jepesi, pana, na la rangi nyeupe au ya kufifia. Tafuta wenzako wawili; anayechekwa peke yake huona aibu, wanaochekwa watatu hucheka pia. Nao wakumbushe wachekao kwamba mwanamke wa kwanza wa Afrika kushinda marathoni ya New York, mwaka 1994, alikuwa Tegla Loroupe wa Kenya.

Kijana wa Garissa auliza juu ya mazoezi katika mwezi wa Ramadhani. Wenzangu wafungao hukimbia kilomita chache polepole baada ya tarawehe, au nusu saa kabla ya kufuturu ili maji yawe karibu. Mchana hawakimbii kabisa, nami naona wafanya vyema.

Mwingine auliza kama ni kweli kwamba maji mengi hayadhuru. Si kweli. Mtu akinywa kupita kiasi kwa saa nyingi, chumvi ya damu hupungua, naye aweza kuzirai na hata kufa. Kunywa kwa kiu, na katika safari ndefu tia chumvi kidogo katika chakula chako.

Juma lijalo, Mungu akipenda, tutazungumza juu ya maumivu ya goti na jinsi ya kuyatambua yaliyo ya kupumzika na yaliyo ya daktari. Wenye barua na wazilete mapema. Nami nawaaga kwa kuwakumbusha kwamba kesho alfajiri, saa kumi na moja na nusu, barabara ya Madogo i wazi kwa kila atakaye kutembea au kukimbia nasi. Aliyechelewa atatukuta tumekwisha kwenda.